Alama ya Hasi kwenye Mstari wa Kumi na Saba

Dada alipofungua jedwali la hesabu zake kulihakiki mara ya mwisho, mdogo wake Kasuku alivuta kiti. Nyumbani walimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kazi yake ilikuwa kusoma kwa sauti karatasi ya namba zilizotoka kwenye kompyuta, naye dada akitia tiki kwenye jedwali aliloandika mwenyewe.

Dada alisomea shahada ya uzamili. Alipima kwa kompyuta molekuli arobaini, akitafuta ile ambayo ingemnasa vizuri kijidudu cha malaria. Namba ikiwa hasi, molekuli inanasa. Ikiwa chanya, inasukumwa mbali. Ya kumi na saba ilizishinda nyingine zote, na kesho yake chuo kingempa dada tuzo kwa ajili yake.

"Ya kumi na sita, hasi saba nukta mbili," Kasuku alisoma. "Ya kumi na saba, hasi kumi na moja nukta tatu."

Dada alitia tiki. Kasuku akatazama tena karatasi. Namba haikuwa na alama ya hasi. Aliitamka kwa mazoea tu, kama dada alivyoiandika kwa mazoea.

Hata hivyo aliendelea na ya kumi na nane. Darasa lake zima shuleni lilikwisha kusikia habari za tuzo ile. Tena alimpenda mno dada yake, ambaye kwa miaka miwili alirudia hesabu kila umeme ulipokatika, bila kununa.

Asubuhi dada alikuwa akipiga pasi gauni. "Kasuku, leo umemeza nini? Husemi."

"Dada, ya kumi na saba haina hasi. Niliona jana."

Dada aliweka pasi kando, akafungua kompyuta, akaketi. "Tuzo yenyewe ni ya hiyo hiyo," alisema taratibu.

"Basi tusimwambie mtu."

"Mdogo wangu, kuna watu watakaoitengeneza maabarani. Watapoteza mwaka mzima." Akampigia simu profesa wake, gauni likiwa bado na mikunjo.

Alasiri ukumbi ulijaa. Profesa, mama mwenye miwani ya kamba, alieleza kosa lote mbele ya watu. Kasuku aliinamisha kichwa.

"Ya kumi na saba imeanguka," alisema profesa. "Nyingine thelathini na tisa tumezihakiki upya, na ziko sawa. Ya tisa sasa ndiyo ya kwanza. Kamati imekaa tena, na tuzo inabaki kwa mwanafunzi huyu, aliyetuletea kosa lake mwenyewe."

Kasuku alipiga makofi hadi viganja vikauma.

Mlangoni profesa alimshika mkono. "Ni wewe uliyeona?"

"Ndiyo, lakini nilichelewa kusema. Niliogopa."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kosa nalo liseme lingali dogo, hata likikugharimu." Alivaa miwani yake, akamtazama vizuri. "Nina jedwali langu la namba mia mbili. Natafuta mtu wa kunisomea."