Sauti Tuliyoiweka Mlangoni

Jumatano, tarehe kumi na tisa mwezi wa sita, saa kumi na mbili na nusu jioni. Saa hiyo ndiyo iliyobadilisha nyumba yangu. Ninaikumbuka kwa sababu nilikuwa nimefunga karakana yangu ya fremu za picha, nikapita dukani kununua mkate na maziwa, na mwenye duka akaniuliza saa nikamtajia. Kisha nikaenda nyumbani polepole, kama aendavyo mtu asiyengojewa na mkewe.

Nilipofika mlangoni nikasikia wanawake wawili wakizungumza ndani.

Mmoja alikuwa mama mkwe wangu.

Wa pili alikuwa mke wangu.

Mke wangu tulimzika mwezi wa pili.

Sikukimbia. Sauti ile nilijua ilitoka wapi, maana mimi mwenyewe niliiruhusu. Acha nieleze.

Mke wangu alipenda maua. Aliyapanda kwenye makopo kibarazani, na habari zake akaziandika kwenye blogu yake, ukurasa mdogo wa intaneti aliouita Kibarazani. Wasomaji wake hawakuwa wengi, lakini walikuwa waaminifu. Kila mwaka, siku blogu ilipoanzishwa, walikutana humo wakaandikiana salamu na mizaha. Mwaka huu siku hiyo iliangukia Jumamosi ya wiki hiyohiyo. Nilipoufungua ukurasa niliukuta umepoa kama jiko la nyumba iliyohamwa. Nikamwomba shemeji yangu, mdogo wake marehemu, auchangamshe kidogo, wageni wasikute kimya.

Shemeji ni fundi wa kompyuta. Alikuja Jumanne na mdomo wake, kama kawaida.

"Shemeji, nyumba hii hata mende wameomba uhamisho. Ngoja tuweke shamrashamra."

Akapachika vile viprogramu vidogo vya kuongezea blogu, yeye huviita plagini. Kimoja kilining'iniza taa za rangi juu ya ukurasa. Kingine kilidondosha petali za maua, moja moja, taratibu. Cha tatu kilihesabu wageni waliopo. Cha mwisho kilipiga kengele kila mgeni alipoingia, kisha kikamkaribisha kwa sauti, na sisi tukaisikia kwenye kompyuta ya sebuleni. Sauti hiyo shemeji aliitoa kwenye ujumbe wa zamani wa dada yake. Alikata maneno machache tu:

"Karibu. Ingia ndani. Hapa ni kwako."

Nililia. Mama mkwe hakulia. Alisogeza kiti karibu na kompyuta, akasema, "Msiizime."

Mama anaishi nami. Macho yake yalikwishaondoka, hatambui hata mchana na usiku. Zamani alikuwa karani wa taipu ofisini, na vidole vyake bado vinazijua herufi kuliko macho yangu. Mke wangu alipokuwa kitandani aliniomba jambo moja tu: nimtunze mama yake. Niliitikia mbele ya Mungu.

Basi Jumatano ile nikaingia, nikaweka mkate mezani.

"Mama, unazungumza na nani?"

"Na mgeni."

"Mgeni gani?"

"Hajasema jina. Amepiga hodi, mwanangu akamkaribisha."

Nikatazama kioo cha kompyuta. Taa zinametameta. Petali zinaanguka. Wageni waliopo: mmoja. Na chini, pale wasomaji wanapoandika maoni, palikuwa na neno moja lisilo na jina la mwandishi.

Hodi.

Nikasimama nikifikiri. Neno lile lilikuwa limeandikwa tu. Nani alimsomea Mama?

Kisha nikasikia harufu... Udongo mbichi. Harufu ya makopo ya maua yaliyomwagiwa maji sasa hivi. Nikatoka kibarazani kutazama. Maua yalikuwa vijiti vikavu, na udongo umepasuka. Hakuna aliyeyamwagilia tangu mazishi.

Kesho yake mgeni alikuwa bado yupo. Wengine waliingia wakatoka, kengele ikalia, sauti ikawakaribisha. Yeye mmoja hakutoka. Nikampigia shemeji.

"Roboti huyo," akasema. "Huko mitandaoni roboti wanazurura kama mbuzi wa mlevi. Ngoja nimwangalie katokea wapi."

Nikamsikia akibofya. Kisha akaniita.

"Shemeji..."

"Sema."

"Anaandikia kwenye kompyuta hiyohiyo. Hapo sebuleni kwako." Kisha akacheka. "Ah! Si bimkubwa huyo! Mzee wa taipu amerudi kazini bila mshahara."

Nikacheka na mimi, kwa meno tu. Nikaenda nikachuchumaa mbele ya kiti cha Mama.

"Mama, ni wewe unayeandika?"

Akaninyooshea mikono yake. Ilikuwa baridi. Akanong'ona kama asiyetaka kusikika chumba cha pili.

"Siandiki, mwanangu. Nashikwa vidole tu."

Nikainua macho. Maneno mapya yalikuwepo.

Mwenyeji amechoka kusimama.

Hapo ndipo nilipoelewa tulichofanya. Marehemu hakuwa mtu wa kusema karibu ovyo. Mtu akipiga hodi, yeye kwanza huuliza, "Nani?" Jina lisipotajwa, mlango haufunguki, hata kama unanyesha. Nasi tulimchukua tukamsimamisha mlangoni na neno moja mdomoni. Hawezi kuuliza. Hawezi kukataa. Kila apitaye, mwema kwa mbaya, anamwambia hapa ni kwako.

Ijumaa Mama hakula. Uji ulipoa pembeni yake ukafanya ngozi. Nilipomwambia nataka kuiondoa sauti ile, alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Subiri. Mgeni ameahidi atamruhusu akapumzike."

"Mgeni huyo ni nani, Mama?"

"Anasema mlango haubaki bila mtu. Nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Mimi ni mzee. Acha nisimame mimi badala yake."

Nikapiga magoti hapohapo nikaomba, nikishika miguu yake. Aliitikia amina, lakini uso wake ulikuwa umegeukia kompyuta.

Ningefuta jioni ile. Mama akaanza kulia. Wale rafiki wa mwanawe, akasema, waje kesho wamsikie mara moja, ya mwisho, kisha nifanye nitakalo. Nani anaweza kuruka machozi ya mama wa mkewe kama anaruka dimbwi? Nikakubali kungoja. Ila kompyuta niliizima, nikaing'oa waya, nikaifungia kabatini. Ufunguo nikautia kwenye kamba, nikauvaa shingoni.

Usiku ule nyumba ilitulia. Mama alikunywa hata chai.

Jumamosi jioni nilikwenda karakana kuchukua picha ya mke wangu niliyoitia fremu, nikarudi na shemeji. Alikuwa amebeba chupa za soda kwenye mfuko huku akisimulia habari za mteja aliyemwaga mchuzi kwenye kompyuta akasema imeshikwa na virusi. Tukacheka tangu njia panda. Jua lilikuwa limezama, na taa za nyumba hazijawashwa.

Tulipokanyaga kibaraza, kengele ikalia ndani.

"Karibu. Ingia ndani. Hapa ni kwako."

Shemeji akasimama. Mfuko ukamponyoka, chupa zikagongana.

"Shemeji," akanong'ona, "hiyo siyo sauti niliyoweka."

Haikuwa ya mke wangu.

Ilikuwa ya Mama.

Tukaingia. Harufu ya udongo mbichi ilijaa sebuleni hata kooni. Kompyuta ilikuwa mezani, inawaka. Taa za rangi zilikuwa zikicheza kwenye uso wa Mama, nyekundu, kijani, nyekundu. Alikuwa wima mbele ya meza, mikono ubavuni. Mtu ambaye hasimami bila kushikwa! Rafiki wa marehemu walikuwa wakiingia kwa wingi, wakiandika pongezi. Kwa kila mmoja kengele ililia.

"Karibu. Ingia ndani..."

Midomo ya Mama ilikuwa imefumbwa.

"Futa!" nikamwambia shemeji.

Akainamia kompyuta, akabofya pa kufutia. Akageuka, machozi yamemjaa.

"Nikifuta, sauti ya dada nayo inakwenda. Sina nakala nyingine. Simu yenye ujumbe ule niliiuza juzi."

"Na Mama je?"

"Sijui. Wallahi sijui."

Kwenye kioo palikuwa na swali: Una uhakika? Sikuwa na uhakika wa chochote. Mama alikuwa ameanza kupepesuka, na rangi ya uso wake ilikuwa rangi ya majivu.

"Karibu. Ingia ndani. Hapa ni kwa..."

Nikabonyeza mimi mwenyewe.

Kimya.

Taa zikazimika. Petali zikakoma, kisha zikatoweka zote pamoja. Mama akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetolewa majini, akaniangukia mikononi. Alikuwa hai. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Mama akafungua kinywa kunijibu.

Hakikutoka kitu.

Mpaka leo hakijatoka. Daktari anasema ni kiharusi kidogo, kimegusa sehemu ya maneno. Shemeji naye ana maelezo yake: huenda Mama alijirekodi mwenyewe siku zile mimi niko kazini, akaiweka sauti yake badala ya ya bintiye, maana vidole vyake vinaweza. Huenda. Sibishani naye, dada yake alikuwa wa kwake pia. Lakini kufuli la kabati tulilikuta limefungwa, na ufunguo haukutoka shingoni mwangu.

Mama anakula sasa. Ananisikia, ananibana mkono mara mbili akimaanisha ndiyo. Nilimuuliza kama mwanawe alipumzika kabla sijabonyeza. Hakunibana hata mara moja. Aligeuza uso ukutani.

Sijui nilimnyamazisha nani jioni ile, wala kama mgeni yule alitoka au alihamia chumba kingine. Jioni nyingine mtu hugonga mlango wetu wa kweli. Nauliza nani. Anayejibu namfungulia. Kuna asiyejibu... Huyo husimama nje mpaka giza liingie, na harufu ya udongo hupita chini ya mlango. Mama hushika mkono wangu usiku kucha, nami huomba.

Ee Mwenyezi Mungu, uliyemwita mke wangu kabla sijawa tayari, mpokee. Utusamehe sisi tuliompa kazi akiwa amelala. Usihesabu juu yake neno lolote lililosemwa kwa sauti yake bila moyo wake. Na kama bado amesimama mlangoni, popote palipo na mlango, mwambie wewe kwamba anaweza kuketi. Mpe pumziko, Bwana. Mpe pumziko. Amina.