Pete Ndani ya Glavu

"Swantje, pete iko wapi?"

Jannes aliuliza upawa ukiwa bado mkononi. Nyuma yake sufuria ya supu ya njegere ilikuwa inatokota, maana leo mlango wa mtambo unafungwa tayari kwa kuwashwa, na siku kama hiyo kituo kizima cha utafiti hula njegere na soseji. Swantje akautumbukiza mkono wa kushoto mfukoni kama mtoto aliyedokoa sukari.

"Nimeiacha nyumbani, kwenye sinki."

"Kwenye sinki? Mama ameosha masufuria ya kantini hii miaka yote na pete ile kidoleni. Hajaiacha kwenye sinki hata siku moja."

"Jannes, taratibu basi. Watu wanasikia."

"Eeh, watu wanasikia! Hilo ndilo linalokuumiza wewe siku zote. Kama umebadili mawazo, niambie tu. Mimi si mtoto."

Swantje akaondoka bila kifungua kinywa, uso unamwaka.

Pete haikuwa kwenye sinki. Ilikuwa ndani ya mtambo.

Swantje Behnke alikuwa daktari wa fizikia. Kazi yake ilikuwa kukagua vigae vinavyofunika kuta za ndani za mtambo ule, ambamo gesi hupashwa moto kuliko jua lenyewe, watu wakitafuta umeme humo. Ndani hakutakiwi hata unywele. Ndiyo maana mlangoni pana kikombe cha bati chenye maua, na kila anayeingia huvua pete, hereni na saa akaziacha humo.

Jana alipofika mlangoni, Thorben na wenzake walikuwa wamekizunguka kikombe wakipiga soga. Na pete ile nani asiijue? Jiwe la kaharabu, rangi ya asali, pete ya Mama Gesine, mama yake Jannes, aliyewapakulia chakula mpaka alipostaafu. Kuiweka kikombeni ilikuwa sawa na kutangaza: mimi, daktari, nimechumbiwa na mpishi. Swantje akavaa glavu juu yake, akaingia.

Huko ndani glavu ilichanika, akabadilisha. Alipotoka, kidole kilikuwa kitupu. Akapekua mfuko wa takataka mpaka chini, hola. Akanyamaza, akaenda kulala kwake akisingizia kichwa.

Sasa simu ikatetemeka mfukoni. Ni Jannes.

"Sitakulazimisha. Ila ujue, jana mama aliniuliza kama wenzako wameiona pete. Nikamdanganya kwamba wameisifia sana."

Swantje aliisoma amesimama kwenye korido, akatamani sakafu ifunguke. Hajaijibu, simu ikaita.

"We Swantje, umepotelea wapi?" Alikuwa Thorben. "Mfuniko wa mlango uko tayari. Bosi anasubiri neno lako tu."

Ukumbini watu walikuwa wamejipanga wakitabasamu. Bosi, Reinhild Ahlers, mama asiyependa maneno mengi, akamgeukia.

"Swantje, ndani ni safi?"

Neno moja tu, safi, na mlango ungefungwa. Kisha moto ungewashwa, kaharabu ingeungua, dhahabu ya pete ingeyeyuka juu ya vigae na kuharibu majaribio ambayo wenzake walikuwa wameyahangaikia muda wote ule.

"Si safi."

Tabasamu zikakatika.

"Kuna nini?"

"Pete. Yangu."

Thorben akacheka. "Wewe una pete? Nani huyo aliyejitakia makubwa?"

"Nyamaza, Thorben," Reinhild akasema. "Swantje, kwa nini haikuwa kikombeni?"

Angeweza kusema alisahau. Wangemwamini. Lakini akaukumbuka ule ujumbe wa Jannes.

"Kwa sababu mngeitambua. Ni ya Mama Gesine. Jannes wa jikoni amenichumbia, na mimi... mimi niliona aibu. Nikaificha ndani ya glavu."

Hakuna aliyecheka. Mlangoni gurudumu likalia. Jannes alikuwa amefika na toroli la supu. Aliutua upawa polepole, akageuka, akaenda zake.

Pete ilipatikana kati ya vigae viwili. Thorben ndiye aliyeitoa, na alimkabidhi bila utani wowote.

"Ratiba imeharibika," Reinhild akasema. "Utarudi ndani ukague upya, kigae kwa kigae. Na keki unajua mwenyewe."

Pale kituoni ndivyo ilivyo: ukikosea, unawaokea wenzako keki.

Swantje akamkuta Jannes jikoni anasugua sufuria.

"Imepatikana."

"Nimesikia."

"Nisamehe, Jannes. Ilianguka tu..."

"Kuanguka nimesamehe. Vitu huanguka. Ile glavu ndiyo imenikaa hapa." Akajigusa kifua. "Ulinifunika, Swantje."

"Nilikufunika."

"Umenitaja ulipobanwa."

"Nilipobanwa, ndiyo. Sina cha kujitetea."

Jannes akasonya. "Sasa unataka nini?"

"Nioke keki. Na sijui kuoka."

Cheko likamponyoka bila kutaka. "Mnawasha jua, keki inawashinda!" Akamsogezea unga. "Nawa mikono. Ila pete irudishe kwa mama kwanza, umweleze kwa mdomo wako. Akikupa tena, mimi nipo."

Jioni Mama Gesine alimsikiliza mpaka mwisho, pete ikiwa kiganjani mwake. Swantje alikuwa analia.

"Mimi niliivaa imejaa mafuta ya soseji, mwanangu, na sikuionea haya," mama akasema. Akaivuta mikono ya Swantje. "Lete kidole."

Siku ya ukaguzi, kundi lilikuwa mlangoni palepale. Swantje akaivua pete mbele yao, akaiweka kikombeni juu ya zote. Fundi mmoja mgeni akainama kuitazama.

"Nzuri hii! Ya nani?"

"Yangu," Swantje akasema, masikio yanamwaka. "Amenivisha Jannes, mpishi wetu."

Akavaa glavu mkono ukiwa mtupu, akaingia.