Kipimaridhaa cha Jengo la Mtemi

Kipimaridhaa kilining'inia juu ya meza ya wahandisi kama mzinga wa nyuki, kikinguruma taratibu. Kazi yake ilikuwa moja: kusikiliza mioyo ya waliokaa chini yake na kujua kama wamekubaliana. Mioyo ikitulia, taa yake hugeuka kijani, na amri huenda moja kwa moja kwenye mitambo, bila saini wala mhuri. Hapo ndipo mlango wa chumba hufunguka, watu wakanywe chai. Tangu kiletwe, hakuna mkutano uliovuka saa nne katika Jengo la Mtemi, Dodoma Mpya.

Asubuhi hiyo walikuwa wakiamua kama lifti kuu irudi kazini baada ya ukaguzi. Ndiyo iliyopandisha wagonjwa hadi zahanati ya ghorofa za juu.

"Breki inakwaruza," alisema Sikudhani. "Niliisikia jana. Tuifungue kwanza."

Taa ikawa nyekundu. Mtu akaguna.

"Dada Siku, vipimo vyote vinasema ni nzima," alisema Mkwizu, mkuu wao, kwa upole. "Au masikio yako yamesoma kutupita?"

Wakacheka.

"Mwanangu, maandazi yanapoa," Mama Ngonyani akadakia. "Utatuua kwa njaa kabla lifti haijatuua."

Sikudhani alibisha tena, kisha tena. Wiki nzima alikuwa mtu wa kubisha, na wiki nzima alikunywa chai peke yake. Mwishowe akanyamaza, mabega yakamshuka. Moyo uliochoka hupiga polepole. Moyo ulioridhika pia. Kipimaridhaa hakikujua tofauti.

Taa ikawa kijani.

Kwenye foleni ya chai, Mama Ngonyani alimsogelea. "Hata mimi niliisikia ile breki," akanong'ona.

"Mbona hukusema, mama?"

"Niliona wengine wote wametulia. Nikadhani ni masikio ya uzee."

Msafiri, fundi wa nyaya, akainamisha kichwa. "Hata mimi niliisikia. Nilidhani wengine wana uhakika."

Sikudhani akatua sahani yake, akamwendea Mkwizu.

"Amri imeshakwenda," Mkwizu alisema. "Kuitengua lazima turudi wote mezani. Kesho, Siku. Leo tumechoka."

Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya wengine.

Sikudhani hakukimbia, nguvu hizo hakuwa nazo. Alitembea hadi kwenye lifti, akaikuta inajaza abiria. Akasimama katikati ya mlango. Mlango ukamgonga bega, ukarudi.

"Wewe binti, una nini?" alifoka bibi mmoja aliyembeba mtoto. "Mjukuu wangu ana homa!"

"Nisamehe, bibi. Breki ya lifti hii ina kasoro."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe peke yako?"

Mlango ukamgonga tena. Abiria wengine wakatazama viatu vyao.

Ndipo zikasikika ndara zikiburuzwa sakafuni. Mama Ngonyani alifika akihema, akajibana kando yake.

"Si peke yake," alisema. "Bibi, mlete mtoto, tumpandishe kwa lifti ya mizigo. Ni ya polepole, ila itamfikisha."

Bibi aliwatazama wote wawili. Akamfunika mjukuu vizuri, akatoka. Wale wengine, ambao muda wote walikuwa wakisubiri kuona nani ataanza, wakamfuata.