Mkono Uliogoma Kugeuka

Mvua zilikuwa zinaelekea kwisha, na kijijini karibu na Mpui kila mtu alikuwa anatengeneza ntumba, yale matuta ya duara ya Wafipa. Unakata bonge la udongo pamoja na nyasi zake, unalipindua, nyasi zinalala chini zioze ziwe mbolea. Zenon alikuwa ameshikwa na homa. Mkewe Dominika akaifanya kazi ya wawili peke yake, na kupumzika hakutaka kusikia.

Mkono wa kulia ukaanza kumuuma chini ya kiwiko. Alifanya kama mama yake alivyofanya siku zote. Alichukua kamba ya gome la mti, akaifunga palepale panapouma, akaikaza sawasawa.

Kesho yake kidole gumba na viwili vinavyofuata vilikufa ganzi. Jioni alichota unga ili aumimine chunguni, kiganja kikakataa kugeuka chini. Ilibidi akigeuze kwa mkono wa kushoto.

Shangazi yake alianza hivyohivyo, kwa ganzi ya vidole. Ulikuwa ukoma. Alipelekwa kambi ya wagonjwa, watoto wake wakalelewa na majirani. Na Dominika alikuwa na Leonsi, mtoto wa kunyonya.

Hakumwambia mtu. Aliuficha mkono ndani ya kaniki, na kila ganzi ilipozidi, alizidi kuikaza kamba. Leonsi alipolia, alimwachia baba yake.

"Mama Leonsi," Zenon akasema, "mtoto ana njaa, nawe unamkwepa. Kuna nini?"

"Naogopa kumgusa. Mkono wangu umekufa. Wakijua, watanichukua."

Zenon pia aliogopa, tusimsingizie ushujaa. Lakini alijikongoja mpaka kwa jirani yao Eustaki, aliyefanya kazi katika zahanati ya misheni, akaja naye.

Eustaki aliiona kamba. "Tuifungue hii kwanza."

"Usiifungue, kaka. Ugonjwa utapanda begani."

"Ukiiacha, ndiyo itakayokulemaza."

Akaifungua. Kisha akamwambia afumbe macho na aseme kila anapoguswa, akampapasa ngozi kwa unyoya wa kuku, mikononi, mgongoni na miguuni. Isipokuwa vile vidole vitatu, kila alipoguswa Dominika alisema.

"Ukoma mara nyingi huonyesha mabaka yasiyosikia," Eustaki akasema. "Kwako sioni hata moja. Hebu niambie, ganzi ilianza kabla ya kamba, au baada?"

Dominika alifikiri. "Baada."

"Basi shika mkono wa mumeo, upande wa ndani, chini kidogo ya kiwiko. Baba Leonsi, geuza kiganja chini kwa nguvu, mimi nakuzuia. Unasikia nini, dada?"

"Kuna kitu kimekaza."

"Huo ni msuli. Unaanzia ndani ya kiwiko, unakwenda mshazari mpaka kwenye mfupa wa upande wa gumba. Una mwenzake, mfupi na mpana, karibu na kifundo cha mkono. Ikijikaza yote miwili, huuvuta mfupa huo uvuke juu ya mfupa wa pili, na kiganja hutazama chini. Wewe umeuchosha ule wa kiwikoni kwa kupindua udongo. Halafu mshipa wa fahamu wa vidole vyako vitatu, ndio pia unaoiamuru misuli hiyo, unapita humohumo, nawe umeubana kwa kamba."

"Kwa hiyo hawatanichukua?"

"Wakuchukue kwa kosa la kamba? Mnyonyeshe mtoto. Upumzishe mkono, ukande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Maumivu yakipungua, geuza kiganja juu na chini taratibu. Usifunge kitu. Ganzi isipopungua, njoo zahanati mapema."

Baadaye vidole vilianza kuchomachoma, na hofu ikamrudia. Alikesha akivitazama. Lakini kuchomachoma kulipita, na fahamu ikawa inarudi kidogo kidogo.

Zenon alipopona, alishika jembe yeye. Dominika alipanda maharage juu ya ntumba kwa mkono wa kushoto. Mkono ulipopona walipokezana jembe, na aliyechoka alipumzika bila kuona aibu.

Kabla ya mavuno, asubuhi moja Dominika alimlaza Leonsi kifuani. Akakigeuza kiganja cha kulia, kikatii, akakiweka mgongoni mwa mtoto. Alilisikia joto lake kwa vidole vyote vitano.