Maneno ya Kunakili

Kila Jumatatu asubuhi Mwalimu Mukuka aliandika maneno matano ya Kiingereza ubaoni, akapangusa chaki mikononi, kisha akasema yale yale aliyosema wiki iliyotangulia. "Andikeni maana kwa maneno yenu. Halafu sentensi moja, ya jambo mliloliona kwa macho yenu. Sitaki sentensi ya mtu mwingine." Wanafunzi wa darasa la sita waliyaandika katika daftari maalumu, na Ijumaa wachache walisimama kusoma.

Emilienne alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo na kuhamia Nchelenge alipokuwa angali akibebwa mgongoni. Nyumbani walizungumza Kiswahili, na njiani alizungumza Kibemba na wenzake. Kiingereza kilikuwa cha darasani tu. Hata hivyo, mwaka ule wa 1974, daftari lake ndilo lililokuwa na alama nyingi nyekundu za sahihi kuliko yote darasani.

Sababu yake hakuijua mtu. Matildah, binti wa jirani aliyekwenda shule ya bweni, alikuwa amemwachia daftari lake la zamani, na Mwalimu Mukuka alitoa maneno yale yale kila mwaka. Kila Jumatatu jioni Emilienne alifungua daftari la Matildah na kunakili. Alibadilisha jina la mtu hapa na jina la kijiji pale. Kazi yote ilimalizika kabla maji ya ugali hayajachemka.

Fanwell, aliyeketi dawati la nyuma, hakuwa na daftari la kunakili. Kila Ijumaa alisoma sentensi kuhusu bibi yake. Bibi yake na mbuzi, bibi yake na mwavuli, bibi yake na askari wa forodha. Darasa lilicheka mpaka madawati yakatikisika.

"Bibi yako atakufa kwa kazi, Fanwell," Emilienne alimwambia siku moja. "Mwache apumzike kidogo."

"Yeye ndiye asiyeniacha mimi nipumzike," Fanwell akajibu.

Habari za zile alama nyekundu zilifika mpaka ufukoni, walikokaa wanawake wauza samaki. Mama yake, Berthe, alizisema kwa kila mtu. Wanawake walianza kumletea Emilienne barua na vyeti awasomee. Palipokuwa na neno asilolijua, alilipita haraka na kujaza maneno yake. Hakuna aliyemuuliza. Walimwita "Madamu," naye jina hilo likampendeza.

Mvua za Februari zilipozidi, wadudu weusi wadogo waliingia kwenye samaki wakavu. Walitoboa nyama mpaka samaki akabaki ngozi na miiba. Baba yake, Evariste, alikuwa kambini kisiwani Chisenga akivua, na mama alikuwa na matenga matatu ya samaki wa kupakia kwenye lori la Kitwe siku ya pili. Mchuuzi mmoja akampa kopo la unga mweupe, akasema kwamba wengine huunyunyizia samaki, na wadudu hufa wote.

Mama aliligeuza kopo mikononi. Nusu ya karatasi yake ilikuwa imebanduka kwa kutu, na iliyobaki ilikuwa na maandishi madogo.

"Emilienne, mutoto wangu, kuja huku. Hii inasema nini?"

Wanawake wawili waliokuwa wakipanga samaki juu ya uchanja wakanyamaza ili wasikie. Emilienne akasoma kwa sauti, kwa Kiingereza safi: "For cotton seed only. Avoid contact with food." Aliyajua maneno ya mbegu na chakula. "Avoid" na "contact" yalikuwa katika daftari lake, yote mawili na alama nyekundu. Aliziona herufi zake mwenyewe akilini, zimenyooka vizuri, lakini maana haikuja. Alingoja kidogo. Haikuja.

Angeweza kusema, "Sijui." Neno hilo lilifika mpaka ulimini. Kisha akawatazama wale wanawake.

"Inasema ni dawa ya mbegu na ya chakula," alisema. "Unanyunyiza kidogo tu."

"Bon," alisema mama, akafungua kopo. "Mwaona? Mutoto amesoma."

Mchana ule mama alinyunyizia matenga yote matatu. Samaki waliovunjika vichwa, wasiofaa kwa lori, aliwatia katika bakuli na kumpa jirani yao Bana Mpundu, yaani mama yake Mpundu, kwa ajili ya chakula cha jioni.

Emilienne alikwenda ziwani kuosha sufuria. Alikuwa akisugua kwa mchanga Fanwell alipotokea mbio kati ya mitumbwi, akachuchumaa nyuma ya mmoja wao.

"Una nini wewe?"

"Nyamaza! Bibi ana ndoo tatu anataka nizijaze," Fanwell alinong'ona. "Nam-avoid."

"Una-nini?"

"Nam-avoid! Mimi huku, yeye kule. Nikimwona njia hii, napita ile. Hukuandika lile neno wewe? Ulipata alama ya sahihi, mimi nikapata sifuri."

Emilienne aliacha sufuria mchangani, akakimbia nyumbani. Alifungua daftari lake mwenyewe na kusoma maana aliyoiandika, taratibu, kidole juu ya kila neno, kama vile ameandika mtu mwingine. "Avoid": kujiweka mbali na kitu. Akafungua ukurasa wa pili. "Contact": kugusana.

Usiache iguse chakula.

Alikaa juu ya mkeka. Lori lingeondoka kesho. Kitwe ni mbali, na huko hakuna aliyemjua Emilienne. Kama angenyamaza, mama asingepoteza samaki, wala asingeaibika mbele ya wanawake. Mawazo hayo yalimjia moja baada ya jingine, na yote yalionekana ya busara. Kisha akalikumbuka lile bakuli.

Mama alikuwa akishona mdomo wa tenga la mwisho kwa kamba.

"Mama, nilidanganya."

"Ulidanganya nini?"

"Kopo. Sikuyajua yale maneno. Linasema isiguse chakula. Ni sumu ya mbegu za pamba. Mama, Bana Mpundu…"

Mama hakumpiga. Aliangusha sindano, akakusanya kitenge chake magotini na kukimbia. Emilienne alimfuata.

Bana Mpundu alikuwa ameinama juu ya chungu. Mwanawe Mpundu, wa miaka minne, aliketi kando akilamba vidole.

"Usile!" mama alipiga kelele. "Bana Mpundu, mutoto amekula?"

"Nimempa kipande kimoja, alikuwa akilia njaa. Kuna nini?"

Emilienne ndiye aliyejibu. Alisema yote, mbele ya majirani waliotoka kusikiliza. Alisema kwamba kopo lilikataza. Alisema kwamba hakujua kulisoma, naye alisema anajua. Bana Mpundu alimtazama mara moja tu, akambeba mtoto. Walipofika kliniki Mpundu alikuwa akitokwa na mate mengi, na mikono yake ilitetemeka.

Muuguzi alilisoma kopo, akamchukua mtoto ndani na kufunga mlango. Emilienne aliketi kwenye saruji ya kibaraza. Mama aliketi upande wake mmoja bila kumgusa. Bana Mpundu alisimama, akaketi, akasimama tena. Kila mlango ulipotoa sauti wote watatu waliinua vichwa. Jua lilikuwa limeshuka hadi usawa wa maji muuguzi alipotoka na kusema kwamba mtoto amelala, ataishi, lakini kipande cha pili kingekuwa habari nyingine.

Asubuhi mama na Emilienne walichimba shimo refu mbali na maji na mbali na mihogo. Lori la Kitwe lilipiga honi barabarani, likangoja, likaondoka. Walifukia tenga la kwanza, la pili na la tatu, kazi ya majuma matano ya baba na mama. Emilienne hakukabidhi jembe mpaka shimo likajaa, ingawa viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge.

Baadaye akachukua daftari lake na la Matildah, akaenda pamoja na mama kumtafuta Mwalimu Mukuka. Walimkuta kwenye kibaraza cha kliniki, amekuja kumwona mtoto. Emilienne aliyaweka madaftari yote mawili mikononi mwake. Mwalimu aliyafungua kando kando, akasoma kurasa chache za kila moja. Alichukua muda mrefu.

"Nami nina kosa hapa," alisema hatimaye. "Nimetoa maneno yale yale miaka mitatu kwa sababu ni rahisi kwangu. Nitayabadilisha. Na alama hizi nyekundu nitazifuta, Emilienne. Utaanza upya."

"Ndiyo, Mwalimu."

Bana Mpundu akatoka ndani akimwongoza Mpundu kwa mkono. Mtoto alikuwa ameparara midomo, lakini alitembea mwenyewe. Mama yake alikuwa na karatasi ya muuguzi. Aliitazama, akawatazama wote waliokuwapo, kisha akampa Emilienne.

"Soma," alisema. Sauti yake haikuwa ya kusamehe bado.

Emilienne aliisoma kimya mara mbili, kidole juu ya kila neno. "Vidonge viwili asubuhi," alisema. "Viwili jioni. Maziwa, kama yapo. Halafu hapa kuna neno…" Mama alikuwa akimtazama, na watu wengine wawili waliokuwa kwenye foleni pia. "Hili silijui. Sijalijua kamwe. Nitaenda kumuuliza muuguzi."

Akaingia ndani. Alipotoka alimweleza Bana Mpundu kwamba neno hilo linamtaka amrudishe mtoto baada ya siku tatu, hata akionekana mzima. Bana Mpundu akakunja karatasi na kuifunga katika pembe ya kitenge chake.

"Mnamsikia?" Mwalimu Mukuka aliwaambia mama na watu wa kwenye foleni, kwa sauti yake ya chini. "Jana alijua kila kitu, na mtoto nusura afe. Leo amesema hajui neno moja, na mtoto atapona. Mtu anayetusomea hatumpimi kwa wingi wa maneno anayoyatamka. Tunampima kwa kuwa anatuambia kweli pale anapofika mwisho wa anayoyajua, kisha anakwenda kuuliza."

Mama alimshika Emilienne kiganja chenye malengelenge, kwa uangalifu, nao wakaanza kurudi nyumbani kumngoja baba arudi kutoka kisiwani.