Povu la Mama Praygod

Kule Bunju kuna majirani wawili wanaotengeneza sabuni ya maji. Ukuta wao ni mmoja. Mmoja ni Kokushubila, mama yake Praygod, mtu wa Bukoba. Mwingine ni Bahiya, mama yake Yazid, wa ukoo wa Waarabu wenye maduka Kipawa.

Asubuhi walisalimiana vizuri. Mchana waliombana ndimu. Lakini Mama Praygod alikuwa na donge rohoni. Sabuni ya Mama Yazid iling'aa, ukiitazama unaona upande wa pili wa chupa. Yake ilikuwa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Tena akiijaza chupa hadi mdomoni, kesho yake imeshuka hadi shingoni. Wateja wakaanza kusema anawapunja.

Wiki hiyo Mwalimu Benedicta, mwenye shule ya chekechea, akawaita wote wawili.

"Jumamosi jioni kila mtu aniletee chupa moja," alisema. "Nikiipenda ya nani, huyo ndiye ataniuzia sabuni mwaka mzima."

Mama Praygod alirudi nyumbani, chakula hakikupita.

"Atachukua yeye," alimwambia mumewe, Gozbert. "Kila kitu yeye! Rangi nzuri yeye, wateja yeye, hata kuku wake wanataga kuliko wangu."

"Mama Praygod, wewe tengeneza sabuni yako," Gozbert alijibu. "Kuku wanaingiaje hapa?"

Alhamisi akatengeneza. Akashika mwiko, akakoroga kwa nguvu zote kama anasonga ugali wa msibani. Povu likapanda. Akafurahi, maana aliamini sabuni ikitoa povu ndooni ndiyo kali. Hapo hapo akaimimina kwenye chupa kutoka juu, chwaaa!

Ijumaa asubuhi chupa zote zilikuwa zimeshuka. Ndani mlikuwa na viputo vidogo vidogo vya hewa, vimenasa, havipandi wala havishuki.

Akapanda kwenye stuli, akachungulia kwa jirani. Akaona ndoo kivulini, imefunikwa kanga. Hakuna anayeigusa. Moyo ukamwambia: dawa ile!

Akazunguka mbio, hata hodi hakupiga.

"Mama Yazid, leo sema ukweli. Ile ndoo umeifunikia nini? Mganga wako katokea wapi?"

Mama Yazid alicheka mpaka ushungi ukamdondoka.

"Mganga? Kanga ile inazuia vumbi, shoga! Sabuni inapumzika tangu jana."

"Inapumzika? Kwani imelima?"

"Imekorogwa. Ukikoroga, unaingiza hewa. Ile hewa ndiyo viputo. Ukiiacha imetulia, viputo vinapanda juu, vinapasuka vyenyewe. Wewe unajaza chupa povu likiwa bado ndani. Likiisha, chupa inashuka. Mteja anasema umempunja, kumbe ulimuuzia hewa."

Mama Praygod akauliza kwa sauti ya chini, "Na wewe hukorogi kwa nguvu?"

"Wee! Jana nimekusikia unavyoipiga ile ndoo, nikajua kuna ugomvi wa ndoa. Lete vitu vyako, tuvae glavu, nikuonyeshe."

Wakaanza upya. Maji yalitangulia ndooni. Dawa za sabuni zikafuata, zikimiminwa taratibu pembeni mwa ndoo.

"Mwiko uzamishe," Mama Yazid alisema. "Usiutoe nje ukaurudisha, unaingia na hewa. Zungusha polepole, upande mmoja. Polepole, mwanamke! Unakimbizwa na nani?"

"Na chumvi niweke sasa?"

"Bado. Chumvi ndiyo inayofanya sabuni iwe nzito. Ukiiweka mapema, viputo vinakwama humo. Iache kwanza povu lipungue. Halafu yeyusha chumvi kwenye maji, tia kidogo kidogo, uangalie. Ikishakuwa nzito unavyotaka, acha. Ukizidisha, inarudi kuwa maji."

"Halafu?"

"Funika mpaka kesho. Povu la juu liengue kwa kijiko. Ukijaza, inamisha chupa, sabuni iteleze ubavuni. Usiiangushe kutoka juu."

Mama Praygod alimtazama. "Mbona unanifundisha, na kesho tunashindana?"

"Kwa sababu ukipeleka ile chai ya maziwa yako, watasema sabuni za Bunju zote mbovu. Na mie nimo humo humo!"

Jumamosi jioni chupa mbili zilisimama juu ya meza ya Mwalimu Benedicta. Zote zimejaa. Zote zinang'aa. Mwalimu akaziinua dirishani, akaoshea vikombe, akanusa. Ya Mama Praygod ilikuwa na harufu ya mchaichai.

"Nachukua hii," alisema.

Mama Praygod alipiga kigelegele. Mama Yazid alitabasamu, lakini tabasamu halikufika machoni. Wivu sasa ulikuwa umehama nyumba.

"Hongera," alisema. "Kumbe jana nilikuwa nashona nguo ya mwenzangu."

Mama Praygod aliujua uchungu ule. Alikuwa nao miezi mingi. Akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, shule ina jiko na ina vyoo. Sabuni yote hiyo peke yangu siiwezi. Tugawane. Mie jikoni, Mama Yazid vyooni."

"Mie vyooni?" Mama Yazid akaruka. "Niliyekufundisha kukoroga?"

"Basi tunapokezana kila muhula."

"Hapo sawa," alisema Mama Yazid. "Ila muhula huu jikoni naanza mie."