Kodi ya Watu Kumi na Tisa Niliiweka Mezani

Walisema sitamaliza darasa la nane, nikamaliza. Walisema mtoto wa mwanamke anayebeba viazi kichwani kutoka Kwai hadi sokoni Lushoto hawezi kufika Ulaya, nikafika. Mzee Kaniki, jirani yetu, alimwambia mama yangu nikisikia, "Mwanao huyo atarudi na suti na njaa." Nilirudi na suti mbili na diploma ya uhasibu yenye muhuri mwekundu... na njaa sikuwa nayo.

Leo nina umri wa miaka arobaini na minne. Nina shamba la kabichi na miplamu, nina lori langu, na watoto wangu wote wanasoma. Nawaeleza haya, wasomaji wenzangu, ili mjue kwamba anayeandika si mjinga. Mjinga angekuwa na udhuru. Mimi sina.

Nilirudi miaka michache baada ya Uhuru. Kampuni moja ya wageni iliyokuwa ikipasua mbao kule Shume ilitafuta mtu wa vitabu vya hesabu, nami nikapata kazi hiyo. Kabla yangu hakuna Mwafrika aliyewahi kukalia kiti kile. Nilipewa ofisi yenye dirisha la kioo, na asubuhi wapasuaji waliponipita na misumeno yao waliniambia "shikamoo", hata walionizidi umri. Nilipaswa kuwakataza. Je, niliwakataza?

Wiki ya kwanza Meneja aliniambia, "Wewe umesoma. Nionyeshe ulichosoma."

Nikamwonyesha. Wenye kampuni ile walikuwa na kampuni nyingine nje ya nchi, wenyewe wale wale. Nikapanga kwamba mbao zetu za mwerezi tuiuzie kampuni ile ya nje kwa bei ya kutupa, na huko nje ziuzwe kwa bei yake halisi. Faida ikabaki ng'ambo. Hapa kwetu, kwenye vitabu, ikabaki hasara... na hasara haitozwi kodi ya mapato. Malori yalishuka mlima kila siku yakilia kwa mzigo, na kwenye karatasi zangu tulikuwa maskini.

Meneja alinipiga begani na kuniongeza mshahara. Siku ile nilijiona nimeishinda serikali nzima kwa kalamu.

Sasa niwaeleze kodi ya wanyonge. Wakati huo kila mwanamume alilipa kodi ya kichwa. Aliyelipa alipewa cheti, na siku ya soko askari walisimama njiani wakidai cheti hicho. Asiyekuwa nacho alikamatwa, akapelekwa kufanya kazi ya barabara. Lakini kulipa nako kulikuwa taabu, maana boma la Lushoto ni mbali kwa miguu, na ukifika unapanga foleni mpaka siku inaisha.

Mimi nilishuka Lushoto kila mwisho wa mwezi kwa gari la kampuni. Basi watu wa kwetu wakaona njia. Wampe msomi wao kodi zao, awalipie, awaletee vyeti.

Tulikutana uani kwa mjomba wangu Shechambo, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyeuza ng'ombe nikapata nauli ya kwenda kusoma. Walikuja wanaume, pamoja na mjomba wakawa kumi na tisa, kila mmoja na fedha yake.

Mzee Kaniki alikuja na mzaha wake. "Mkoloni ameondoka, kodi imebaki. Nani aliisahau hapa?"

Watu wakacheka. Mjomba akasema, "Ile ya mkoloni ilikwenda kwao. Hii nimeiona kwa macho yangu, imeezeka bati shule ya wajukuu wako. Lipa, Kaniki, uache maneno."

"Nalipa, shemeji, nalipa. Nauliza tu... na yale malori ya mbao yanayotuvunjia barabara, nayo yanalipa?"

Wote wakanigeukia. Nilirekebisha tai yangu. "Kila mtu analipa kwa kadiri yake, mzee," nikasema.

"Haya," akasema, akanipa fedha yake. "Msomi amesema."

Hakuna aliyeniomba niandike jina wala niweke sahihi. Kwetu Wasambaa, kumdai mtoto wa ukoo karatasi ni sawa na kumwita mwizi mbele ya mama yake. Na mama yangu alikuwa pale, akiwagawia chai. Nilizitia fedha zote kwenye mkoba wangu wa ngozi. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu ndiyo ningeshuka boma.

Katikati kulikuwa na Jumapili.

Jumapili alasiri, nyumbani kwa Meneja, ilichezwa karata ya fedha. Waliketi yeye, fundi wake mkuu, mwenye duka mmoja kutoka Lushoto, na mimi. Poka niliijua tangu Ulaya, kwenye bweni la wanafunzi, na huko nilikuwa nawafunga wenzangu. Mwafrika mwingine mezani pale hakuwepo, isipokuwa mpishi aliyeleta chai. Mnaielewa fahari yangu? Sikuwa mtu wa kunyanyuka kwenye meza ile mapema kwa sababu ya kuishiwa.

Lakini niliishiwa. Mshahara wa mwezi ule ulikwisha kabla chai haijapoa. Kisha nikapata malkia watatu mkononi... malkia watatu! Nilijua hakuna mezani mwenye karata za kunishinda. Mkono ukaenda kwenye mkoba. Nikajiambia, hizi nazikopa kwa dakika tano tu, na kesho nazipeleka boma zikiwa zote.

Niliweka ya Mzee Kaniki. Meneja akaongeza. Nikaweka ya mjomba. Meneja akaongeza tena, akitabasamu. Nikaweka za wote.

Akafunua karata tano zilizofuatana, kama ngazi, na ngazi huwashinda malkia watatu.

Sikumbuki nani alicheka. Nakumbuka Meneja akizikusanya fedha zile kwa kiganja, noti zilizonuka moshi wa jikoni na sarafu zenye vumbi la viazi. Mtu niliyemsaidia mimi mwenyewe kampuni yake isilipe kodi ndiye aliyetia mfukoni kodi ya watu kumi na tisa... na mfuko aliufunga kwa kifungo.

Nilimfuata barazani wenzetu walipoondoka. Nikamwambia ukweli, kwamba fedha zile hazikuwa zangu.

"Nani aliziweka mezani?" akaniuliza.

"Mimi."

"Nilikuuliza zimetoka wapi?"

"Hukuniuliza."

"Basi," akasema, "na wewe usiniulize zinakwenda wapi."

Jumatatu nilishuka Lushoto mikono mitupu. Nilijaribu kukopa kwa mwenye duka yule, akanitazama kama mtu asiyenijua. Niliporudi niliwaambia watu wa kwetu kwamba boma wana kazi nyingi, vyeti vitachelewa kidogo. Waliniamini. Kwa nini wasiniamini?

Siku ya soko la Lukozi ikafika. Nilikuwa ndani ya gari la kampuni, tunapita, nikaona watu wamesimamishwa kando ya njia, mizigo ya viazi chini. Ni wao. Mjomba alikuwa mbele, anaongea na askari, hana wasiwasi wowote. Aliponiona alimpungia dereva asimame.

Nilishuka.

"Si nilikwambia?" mjomba akamwambia askari. "Huyu ndiye mpwa wangu. Baba, waonyeshe hawa vyeti vyetu, tukauze viazi vyetu kabla jua halijavikausha."

Watu kumi na tisa walinitazama. Askari naye alinitazama, akaiona suti yangu, akasimama wima.

Hapo, wasomaji wenzangu, ndipo ningeweza kuwa mtu. Ningesema tu, "Mwenye kosa ni mimi, nichukueni mimi." Maneno machache... Badala yake nikasema, "Vyeti viko boma, mjomba. Vimeshaandikwa. Ni kuvichukua tu."

"Vizuri," akasema askari kwa adabu. "Basi wazee, twendeni wote boma, mkavichukue."

Wakaanza kutembea kushuka Lushoto. Nikawaambia nitawafuata kwa gari. Mjomba akanijibu, "Haya baba, tutakutana."

Sikuwafuata. Nilirudi ofisini, nikafunga mlango, nikaandika hasara ya mwezi.

Kule boma karani alifungua kitabu, hakuliona jina hata moja. Mjomba alimwomba atazame tena. Akatazama tena. Baadaye niliambiwa kwamba hata hapo mjomba alisema kitabu ndicho kimekosea.

Walipelekwa kuponda mawe ya barabara, kila mtu hadi amalize thamani ya kodi yake. Ulikuwa wakati wa palizi. Maharage yalimezwa na magugu, viazi vilivyoachwa pale Lukozi viliibiwa. Na siku ya nne kipande cha jiwe kiliruka, kikampiga mjomba jicho la kushoto. Halikuona tena.

Habari hizo aliniletea mama. Hakuingia ofisini, alisimama nje ya dirisha lile la kioo mpaka nilipotoka. Nilimshika mikono, nikamwamkia, hakuitikia.

"Zilikwenda wapi?" akauliza.

Nikamwambia.

Aliitoa mikono yake mikononi mwangu. Kisha akasema, "Kaka yangu aliuza ng'ombe ukasome. Sasa amelipa na jicho. Ukihitaji kitu kingine, niambie mimi, usimsumbue tena."

Akaondoka. Sukari niliyompa aliiacha juu ya jiwe.

Watu waliporudi, bwana mmoja wa boma alipanda hadi kwetu kutaka kujua nani aliyekula fedha zile. Tuliitwa wote uani kwa mjomba. Mzee Kaniki alisimama kabla ya wote, na mimi nikafumba macho, nikijua sasa ninakwenda jela. Lakini mjomba alimshika shuka, akamketisha.

"Bwana," mjomba akamwambia yule mkubwa, kitambaa kikiwa bado jichoni, "hapa hakuna mwizi. Tulimkopesha mtoto wetu."

"Mlimkopesha fedha ya kodi?"

"Tulikosea. Tumeponda mawe kwa kosa hilo. Lakini tulimkopesha."

Bwana yule akawauliza mmoja mmoja. Wote kumi na tisa wakasema hivyo hivyo. Mzee Kaniki alikuwa wa mwisho. Alinitazama kwanza suti, kisha uso. "Tulimkopesha," akasema, kama mtu anayetema mwiba.

Bwana yule alipoondoka, mjomba aliniambia maneno machache. "Nimekutoa kwenye wizi, nimekutia kwenye deni. Deni halina jela, lakini halina pa kujificha."

Nilidhani nitalilipa kwa mishahara miwili mitatu. Sikujua kwamba mishahara yenyewe inakaribia kwisha.

Baada ya Azimio, kampuni nyingi za wageni zikachukuliwa na serikali. Meneja wetu hakungoja. Siku moja tulikuta nyumba yake wazi, mbwa wake tu amebaki. Wapasuaji wakadai kiinua mgongo chao cha miaka yote ile. Akaja ofisa wa serikali, akafungua vitabu mbele yetu sote.

"Kampuni hii imepata hasara kila mwaka," akasoma. "Hakuna cha kugawana."

Mpasuaji mmoja mzee akauliza kwa upole, "Nani aliandika hivyo?"

Jibu alikuwa nalo. Wote walikuwa nalo. Ule mwandiko mzuri, mistari iliyonyooka, ilikuwa yangu. Niliwanyima wapasuaji jasho lao kwa kalamu ile ile iliyonyima shule madawati. Na mimi nami sikupata hata senti ya mshahara wangu wa mwisho!

Safari hii sikukimbia. Nilimfuata ofisa yule nikamweleza ujanja wote, ukurasa kwa ukurasa, kwa miezi miwili bila malipo. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Fedha zimekwisha kuvuka maji. Ungesema zamani." Hakunifunga. Nilitamani anifunge.

Nikarudi Kwai, nikashika jembe. Ndiyo, mwenye diploma! Watu walipita njiani makusudi wanione. "Mhasibu, hesabu za mbolea zinakwendaje?" Nililima kabichi kwenye mteremko ambao kila mtu alisema umechoka. Nikachimba mifereji, nikazungusha matuta ya kuzuia mmomonyoko, yale yale tuliyoyakataa mkoloni alipotulazimisha. Nikauza, nikanunua ndama. Sikuchukua msaada wa mtu. Kila mavuno nilikwenda kwa mtu mmoja au wawili, nikalipa.

Katikati ya hapo serikali ikaifuta kodi ya kichwa. Wapo walioniambia, "Kodi yenyewe imekufa, wewe unalipa nini?" Lakini mawe waliyoponda hayakufutwa.

Ndugu zangu, wapo kati yenu wanaosoma hapa wakiwa na kalamu za makampuni mikononi. Wapo wanaosubiri Jumapili wacheze karata, wakiamini wanaujua mchezo. Mimi niliujua kuliko nyinyi. Mnapoambiwa kwamba kuikwepa kodi ni akili, ulizeni basi nani atakayeilipa badala yenu, maana lazima alipe mtu. Na fedha uliyokabidhiwa bila karatasi ndiyo nzito kuliko zote. Nawasihi, msiipite njia yangu.

Mtu wa kumi na nane alikuwa Mzee Kaniki. Alikuwa ameshafariki, nikampa mjane wake. Aliipokea, akafunga mlango.

Jioni hiyo hiyo nikaenda kwa mjomba, wa mwisho. Alikuwa ameketi barazani akichambua mbegu za maharage kwa vidole, taratibu. Nikamwamkia, nikatoa fedha yake pamoja na bei ya ng'ombe.

Hakunyoosha mkono. "Leo umeuza kabichi?"

"Nimeuza, mjomba."

"Ushuru wa soko umelipa?"

Nilikuwa sijalipa. Nilikuwa na haraka ya kumaliza deni langu, nikamwambia karani wa soko nitampa kesho.

"Nenda kamlipe kwanza," akasema. "Mimi nipo."

Nikatembea hadi sokoni, nikamkuta karani anafunga meza yake, nikamlipa, nikarudi. Mjomba alikuwa pale pale. Sasa akanyoosha mkono. Akazihesabu fedha zile noti kwa noti, akizisogeza karibu na jicho lake zima. Alipofika mwisho akaanza upya, akazihesabu mara ya pili, nami nikasimama mbele yake nikingoja.

"Zimetimia," akasema.